MV Liemba: abiria wa Rumonge na suala la mizigo

Mfanyabiashara wa Rumonge aliyetaka kusafiri kwa MV Liemba hadi Mpulungu, Zambia, alilazimika kwanza kufika Kigoma. Meli hiyo, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, iliacha safari za Bujumbura kutokana na vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993. Kwa barabara, njia hupitia Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina na Manyovu.

Kuwahi Kigoma kulilipa. Kwa kuwa bandari ina gati, abiria wa daraja la kwanza au la pili alipanda kwa ngazi, akaweka mkoba chumbani na kufunga mlango, huku kreni ikiendelea kupakia shehena. Wa daraja la tatu hakuwa na chumba. Aliwahi kiti na kulinda mzigo wake mwenyewe.

Vituo vingi vya njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama ziwani, mitumbwi ikaizingira, watu na magunia wakapandishwa ubavuni, hata usiku. Gunia la dagaa likiponyoka, mtaji umezama.

Liemba ilisimamisha safari mwaka 2018. Hata hivyo, kanuni zake zinafaa kwa chombo chochote ziwani: panda bandari inakoanzia safari, fedha na hati ziwe mwilini, shehena iandikwe jina na ipewe stakabadhi kabla haijaondoka mikononi mwako.