Shoka la Jiwe Lenye Tundu

Katika nchi ya Denmark, upande wa Jutland, mkulima alimapo shamba lake huenda akaokota shoka la jiwe lenye tundu la kutilia mpini. Wazee wa huko waliliita jiwe la radi. Walisema limeshuka pamoja na umeme, wakaliweka nyumbani ili radi isiipige nyumba. Wala si ajabu, kwani nani angedhani ya kuwa mtu asiye na chuma aweza kutoboa jiwe gumu?

Mwaka 1723 Mfaransa Antoine de Jussieu aliyalinganisha mawe kama hayo na vyombo vya wenyeji wa Amerika, akaonyesha ya kuwa ni kazi ya mikono ya watu. Tundu lilitobolewa kwa kuzungusha mti au mfupa wenye uwazi ndani, pamoja na mchanga na maji. Mchanga ndio uliolila jiwe. Yameonekana mashoka ambayo hayakumalizika, na kijiti cha jiwe kingali kimesimama katikati ya tundu.

Mashoka mengi ya Jutland yalizikwa pamoja na wafu chini ya vilima vya udongo, tangu yapata mwaka 2800 kabla ya Kristo. Habari hii haikujulikana kwa jiwe peke yake, bali kwa mahali lilipolala. Basi aliokotaye na kwenda zake pasipo kuandika mahali, jiwe analo, lakini ushuhuda wake ameupoteza.