Barabara za Mchafukoge: nani mwenye barabara, nani mlipaji

MKAZI wa Mchafukoge anayetaka kujua kwa nini shimo lililozibwa mbele ya duka lake limefumuka tena baada ya masika moja, hulazimika kwanza kupata jibu la swali linaloonekana jepesi: barabara hiyo ni ya nani?

Kata hiyo, ambayo jina lake husikika kama mtu mchafu anaambiwa akaoge, ipo katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kati ya Kisutu na Kariakoo. Mizigo inayoshushwa kwa malori na kusambazwa kwa maguta na mikokoteni kuelekea madukani hupita katika mitaa yake myembamba tangu alfajiri. Lakini mitaa hiyo haina mwenye mmoja. Barabara kubwa zinazotoka mjini, kama vile Morogoro, Nyerere na Kilwa, zipo chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanzishwa mwaka 2000 na kuwekwa chini ya wizara inayohusika na ujenzi. Mitaa ya ndani ipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), unaowajibika kwa TAMISEMI. Njia za mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kutoa huduma Mei 2016, zilijengwa chini ya usimamizi wa TANROADS, huku usafiri wenyewe ukisimamiwa na wakala mwingine, DART.

Umiliki wa mitaa ya ndani umebadilika mara kadhaa katika kipindi kisichozidi miaka 30. Mwaka 1996 Serikali ililivunja Baraza la Jiji na kuikabidhi kazi Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ambayo wakazi wengi wa umri mkubwa bado wanaikumbuka kwa takataka zilizozolewa na barabara zilizofanyiwa ukarabati. Mwaka 2000 Tume ilimaliza kazi na jiji likagawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, hivyo Mchafukoge ikawa chini ya Ilala. Julai 2017 TARURA ilianza kazi, na wahandisi wa barabara wa halmashauri wakahamia huko pamoja na bajeti yao. Februari 2021 Ilala ikapandishwa hadhi na kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, lakini barabara hazikurudi.

Mabadiliko ya 2017 yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Kabla ya hapo, diwani aliyelalamikiwa kuhusu shimo aliweza kumbana mhandisi wa manispaa katika kikao cha baraza. Baada ya hapo, mhandisi huyo akawa mtumishi wa wakala wa Serikali Kuu. Madiwani na wabunge wamelilalamikia jambo hili mara nyingi, na kwa haki: mwananchi humpigia kura diwani, lakini mwenye fedha za barabara hakupigiwa kura na mtu.

Fedha zenyewe hutoka katika Mfuko wa Barabara. Msingi wake ni Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta ya mwaka 1985, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1998 ili kuunda Mfuko na Bodi yake. Kwa lugha nyepesi, kila anayenunua petroli au dizeli huchangia matengenezo, awe na gari au awe abiria wa daladala ambaye nauli yake imebeba bei ya mafuta. Katika bajeti ya 2007/08 tozo hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 kwa lita. Mwaka 2021 ilitoka shilingi 313 hadi 413, na Serikali ikaeleza kuwa nyongeza hiyo ya shilingi 100 ni kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa kiwango hicho, dereva wa teksi aliyejaza lita 40 alichangia shilingi 16,520, yumkini bila kujua.

Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko zitumike kwa matengenezo, na kiasi kisichozidi asilimia 10 kwa maendeleo. Mgawo ndio uliozua mjadala mrefu. Kwa miaka mingi asilimia 70 ilikwenda upande wa TANROADS na wizara, na asilimia 30 upande wa halmashauri, baadaye TARURA. Mtandao wa TANROADS una kilomita zipatazo 36,000, na wa TARURA unazidi kilomita 140,000. Ni kweli kwamba barabara kuu hubeba magari mengi na mazito na kilomita yake moja ni ghali. Hata hivyo, mtaa wa Mchafukoge unaobeba lori la tani 10 kila siku haufanani na njia ya shambani, japokuwa zote mbili zimo katika fungu hilohilo la asilimia 30. Nyongeza ya mwaka 2021 ilikuwa, kwa kiasi fulani, kukiri kwamba mgawo wa awali haukutosha.

Kazi za matengenezo zimegawanywa kwa majina ambayo msomaji huyakuta katika kila hotuba ya bajeti: matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi na ya madaraja. Kuziba viraka na kuzibua mifereji ni matengenezo ya kawaida. Kuweka tabaka jipya la lami ni ya muda maalumu. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu mtaa ambao lami yake imechoka kabisa huendelea kuzibwa viraka mwaka hadi mwaka kwa kuwa fungu la viraka lipo na fungu la tabaka jipya halipo. Fedha hutumika, hesabu hufungwa vizuri, na shimo hubaki.

Tatizo jingine ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na Julai hadi Septemba ndiyo miezi mikavu ya Dar es Salaam, inayofaa zaidi kwa kazi ya lami. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kutangaza zabuni, kutathmini na kusaini mikataba. Mkandarasi anapofika kazini, mara nyingi vuli imeshaanza. Ikichelewa zaidi, kazi huangukia masika ya Machi hadi Mei, na Juni inapokaribia kila mtu huharakisha ili fungu lisirudi Hazina. Kiraka kinachowekwa juu ya udongo uliolowa hakidumu, hata mkandarasi awe mwaminifu kiasi gani.

Mkandarasi naye ni nani? Kisheria ni kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa barabara wamepangwa katika madaraja saba. La kwanza halina ukomo wa thamani ya kazi, na la saba ni la wadogo. Kazi nyingi za mitaani huenda kwa wazawa wa madaraja ya chini na ya kati. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake ziliinua kiwango cha miradi inayotengwa kwa Watanzania pekee kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Vilevile asilimia 30 ya ununuzi imetengwa kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na usafishaji wa mifereji ni kazi inayoyafaa makundi hayo.

Mkandarasi hulipwa baada ya kazi kupimwa. Mhandisi hupima mita za mraba zilizozibwa, huandaa hati ya malipo, na hati huanza safari yake. Fedha zikichelewa, kampuni kubwa hudai riba, na riba hizo zimetajwa mara kwa mara katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Kampuni ndogo, iliyokopa benki kununua lami na mafuta, aghalabu haithubutu kudai kwa kuhofia kukosa zabuni ijayo. Wanaobaki hupandisha bei mapema ili kujikinga, au hupunguza unene wa kiraka. Njia zote mbili humrudia mlipa tozo.

Kiraka kizuri kina taratibu zake: kingo hukatwa mraba, udongo uliolegea huondolewa, kokoto hushindiliwa, lami ya kushikiza hupakwa, kisha mchanganyiko wa moto hujazwa na kushindiliwa tena. Kumwaga kifusi shimoni na kukikanyaga kwa tairi si kuziba. Hata kiraka kizuri hufa mfereji ukiwa umeziba, maana adui mkubwa wa lami ni maji yanayotuama. Mabomba ya maji na nyaya zinazofukiwa na taasisi nyingine huongeza majeraha, ingawa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kukata barabara bila kibali cha mamlaka yenye barabara hiyo.

Mkataba una kipindi cha matazamio, ambapo kasoro hurekebishwa kwa gharama za mkandarasi na sehemu ya malipo yake huzuiwa. Kipengele hicho kina nguvu kikitumiwa. John Magufuli, aliporejea Wizara ya Ujenzi mwishoni mwa 2010, alikataa kuipokea Barabara ya Kilwa, kuanzia Bendera Tatu hadi Mbagala, iliyokuwa imejengwa kwa msaada wa Japan, na mkandarasi akarudia maeneo mabovu kwa fedha zake. Viraka vya mitaani havipati waziri wa kuvikagua.

Kwa anayetaka kufuatilia, zabuni za Serikali hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya TANePS, na ripoti za CAG hukabidhiwa kwa Rais kila Machi kabla ya kuwasilishwa bungeni. Swali la kwanza la kuuliza katika ofisi ya TARURA ni tarehe ambayo kipindi cha matazamio cha mtaa husika kinakwisha. Shimo likifumuka kabla ya tarehe hiyo, gharama ni ya mkandarasi. Likifumuka siku moja baadaye, ni ya Mfuko.