MKATABA MMOJA KWA WATU WENGI



Yafaa katika taarifa hii tutazame asili ya bima ya pamoja ya wafanya kazi, kwani habari yake yagusa shina la kila chama cha kusaidiana.

Hapo zamani bima ya maisha ilikuwa mapatano ya mtu mmoja na kampuni. Mwombaji alipimwa na daktari. Akiwa mzee alitozwa zaidi, akiwa mgonjwa alikataliwa. Hivyo aliyehitaji zaidi ndiye aliyekosa.

Huko Marekani, mwaka 1911, kampuni ya bima ya Equitable ilianza kuwakatia bima wafanya kazi wa mwajiri mmoja kwa pamoja. Mwaka 1912 ilikubaliana na Montgomery Ward, kampuni ya Chicago iliyouza bidhaa kwa posta. Wafanya kazi 2,912 waliingia katika mkataba mmoja, pasipo kila mmoja kupimwa na daktari.

Kampuni ilithubutuje? Sababu ni kwamba watu hao walikusanywa na kazi, si na hofu ya kufa. Wengi walikuwa wazima, na kila mzee alipostaafu kijana aliingia mahali pake. Malipo ya wazima yaliwabeba wagonjwa.

Lakini hesabu hiyo yasimama juu ya umoja. Ndiyo maana kanuni ya mfano iliyotungwa na wasimamizi wa bima wa Marekani mwaka 1917 ilitaka kundi lisipungue watu 50. Na pale wafanya kazi walipochangia malipo, angalau 75 katika kila 100 waingie. Wenye afya wakijitoa, hubaki wagonjwa peke yao, malipo hupanda, na mwisho mkataba huvunjika.

Mkataba huu una upungufu wake pia. Umefungamana na kazi. Aachaye kazi aweza kuachwa na bima siku anapoihitaji. Basi kabla ya kutia sahihi, na tuulize: mwenzetu akistaafu au akifukuzwa, atabaki na nini?

Wako vijana wasemao, "Mbona nichangie maradhi ya mzee?" Jibu ni hili: mzee huyo naye alichanga alipokuwa na nguvu, na kijana wa leo ndiye mzee wa kesho. Kidole kimoja hakivunji chawa.