Pembe ya Omo

Katika michezo ya kompyuta inayoiga vita vya nyambizi, anayewahi kufyatua si lazima ndiye anayezamisha. Kazi kubwa ni hesabu, na hesabu hiyo husimama juu ya pembe moja ambayo Waingereza huiita angle on the bow. Mfasiri anayekwenda neno kwa neno ataandika "pembe juu ya upinde", na mchezaji atabaki kutafuta mishale ndani ya nyambizi. Kinachotajwa ni sehemu ya mbele ya chombo, ile ambayo mabaharia wa pwani wanaiita omo, kama wanavyoiita ya nyuma tezi, na upepo unaowapinga wakausema kuwa ni pepo za omo. Istilahi ninayoitetea ni pembe ya omo.

Maana yake ni hii. Jiweke kwenye meli unayotaka kuishambulia, utazame mbele kule inakokwenda, kisha ugeuke mpaka uikabili nyambizi. Kiasi ulichogeuka ndicho pembe ya omo. Meli ikija moja kwa moja kwako, pembe ni 0. Ikikupa ubavu mzima, ni 90. Ikikupa tezi na kwenda zake, ni 180. Hutajwa pamoja na upande: kulia ukiuona ubavu wake wa kulia, kushoto ukiuona wa kushoto. Wanaoanza huichanganya na pembe nyingine, inayopimwa kutoka omo ya nyambizi yenyewe kwenda kwenye meli. Hiyo ya pili napendekeza tuiite pembe ya tazamo, maana ndiyo inayosomwa kwenye periskopu. Pembe ya omo haisomwi popote. Inakadiriwa kwa jicho na akili, na ndiyo sababu inasumbua.

Tuchukue mchezo wa Silent Hunter III, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2005. Mchezaji ni nahodha wa nyambizi ya Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na anaweza kumwachia ofisa wake wa silaha mahesabu yote au kuyafanya mwenyewe. Anayeyafanya mwenyewe anahitaji kujua mwendo wa meli, umbali wake na pembe ya omo. Chombo chake cha kawaida, Aina ya VIIC, huenda karibu noti 17 juu ya maji, lakini kikizama hakizidi noti 8, nazo hazidumu kwa sababu betri huisha. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Misafara mingi ya Atlantiki ilikwenda noti 7 hadi 9. Kwa hiyo nyambizi iliyozama nyuma ya msafara imeshaukosa. Mbinu ni kuuzunguka kwa mbali juu ya maji, kufika mbele yake, kuzama, na kuungoja uje wenyewe.

Ukishakuwa mbele, hesabu inapungua sana. Elekeza omo yako ikate njia ya msafara kwa pembe mraba, kisha uifyatue torpedo iende moja kwa moja bila kukata kona. Torpedo ya umeme ya Kijerumani, G7e, huenda noti 30. Meli ikienda noti 8, ifyatue wakati pembe ya tazamo imebaki kama digrii 15 kabla haijafika mbele ya omo yako. Wakati huo pembe yake ya omo ni 75, na torpedo itakapoifikia itaipiga ubavuni kwa 90 kamili. Ni kama pasi inayopigwa mbele ya winga anayekimbia. Uzuri wa njia hii ni kwamba umbali hauingii kabisa katika hesabu. Digrii 15 ni zilezile meli ikiwa mita 600 au mita 2,000, na torpedo ikiikosa meli ya safu ya kwanza, bado inaweza kuikuta nyingine katika safu ya pili. Msafara ulikwenda kwa safu nyingi sambamba, zenye upana mkubwa kuliko urefu, kwa hiyo nafasi hiyo si ya kudharau.

Kosa linaloua shambulio ni la mwendo. Kwa umbali wa mita 1,000 torpedo hutumia sekunde 65. Katika muda huo meli ya noti 8 husogea mita 267, na ya noti 10 husogea mita 333 hivi. Tofauti ya mita 66 ni karibu nusu ya urefu wa meli ya mizigo ya aina ya Liberty, iliyokuwa na mita 135. Uliyelenga katikati kwa kukosea noti 2 tu utaiona torpedo ikipita tezini, labda ikagusa usukani kwa bahati.

Pembe ya omo ina huruma zaidi, lakini pale tu inapokaribia 90. Kwa pembe ya 30 unaona nusu ya urefu wa meli. Kwa pembe ya 70 unaona asilimia 94. Jicho haliwezi kutofautisha vizuri kati ya 70 na 90, na kwa bahati njema haina haja: ukikosea hapo, shabaha inahama kama digrii moja. Ukikosea kati ya 20 na 40, inahama karibu digrii 5, yaani zaidi ya mita 80 kwa umbali uleule. Nahodha mzoefu huangalia milingoti: ikikaribiana mpaka kufunikana, meli inakujia au inakukimbia. Msanii Mwingereza Norman Wilkinson aliujua udhaifu huu mwaka 1917 alipopendekeza meli zipakwe mistari na mabaka makali yanayogongana. Rangi zile hazikukusudiwa kuificha meli. Zilikusudiwa kumfanya anayetazama kwenye periskopu akadirie vibaya inakoelekea. Msafara nao ulikuwa na dawa yake, kwenda mshazari kwa zamu, na pembe uliyoipima kwa dakika kumi ikaharibika ghafla.

Kuna walioikimbia periskopu kabisa. Nahodha Mjerumani Otto Kretschmer wa nyambizi U-99 aliingia usiku juu ya maji, katikati ya safu, mahali ambapo sona za Waingereza, vifaa vya kusaka nyambizi kwa sauti, hazikuweza kumnasa. Oktoba 1940 yeye na wenzake waliushambulia msafara SC 7 wa meli 35 na kuzamisha 20. Mchezo unakuruhusu kumwiga, lakini kadiri miaka inavyosogea ndani yake rada na ndege zinakufukuza, kama zilivyowafukuza Wajerumani wenyewe mwezi Mei 1943.

Jambo hili lina sehemu yetu pia, na michezo hii huipita kimya. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara KR 8 uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli ya askari Khedive Ismail kwa torpedo mbili, nayo ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. I-27 ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, na manowari Petard na Paladin zikatupa mabomu ya chini ya maji mahali palepale kabla ya kuizamisha. Majeshi ya Afrika Mashariki yaliendeshwa kwa Kiswahili. Lugha iliyokuwa ndani ya meli hiyo haina sababu ya kukosa msamiati wa kueleza jinsi ilivyolengwa.

Wanaotafsiri michezo hii, na wanaoandika historia ya vita vya baharini, waandike pembe, kisha upande: "pembe ya omo 75 kulia". Neno mwelekeo walitumie kwa njia inayofuatwa na chombo tu. Leo hutumika kwa njia hiyo na pia kwa upande ambako kitu kinaonekana, na katika hesabu ya torpedo mchanganyiko huo unatosha kuikosa meli.