Kyuso: pampu zilipoanza kutuma arafa

Kabla ya 2013, pampu ya mkono ikiharibika Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui nchini Kenya, wenyeji walisubiri wastani wa siku 27 kabla ya kuona maji tena. Asiyejua Ukambani wakati wa kiangazi atasema hata mwezi haujaisha. Anayejua atawaza mama anayeamka usiku wa manane na punda wake kwenda kuchimba mchanga wa mto uliokauka, na mitungi ya manjano iliyopanga foleni hadi adhuhuri. Kisha likafanyika jaribio la mwaka mmoja, na wastani ukashuka chini ya siku tatu. Pampu zilikuwa zilezile na visima vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni njia ya habari kutoka kisimani hadi kwa fundi.

Habari za ukame hazijawahi kukosa watunzaji katika eneo hili. Wakamba wamezoea kuzipa njaa kubwa majina, na mzee akitaja Ngomanisye, wanaojua wanaelewa ni ile ya 1898 na 1899. Lakini jina hutolewa maafa yakishafika. Na miaka hiyohiyo reli ya Uganda ilikuwa ikipenya nyika ya Kibwezi na Makindu, ikiandamana na waya wa telegrafu. Habari za injini iliyokwama zilifika Mombasa siku hiyohiyo. Waya huo haukutandazwa kwa ajili ya mwanakijiji mwenye njaa, na ofisini hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kumsikiliza.

Pampu zenyewe zilikuja baadaye sana. Umoja wa Mataifa ulipotangaza Muongo wa Maji, 1981 hadi 1990, wahandisi waliokuwa wakifanya kazi Malawi na Kenya walibuni pampu iitwayo Afridev, ambayo ilijaribiwa pia huko Kwale, Pwani. Ilikusudiwa kuwa nyepesi kutengeneza, ili wanakijiji wenyewe, kwa spana na mipira michache ya akiba, waifungue na kuirudisha. Kila kisima kikawa na kamati, mwenyekiti na mweka hazina mwenye daftari. Wazo zuri, ila lilimwachia mwanakijiji mzigo wote. Pampu ikifa ndipo mchango unapoanza kuchangwa, ndipo vipuri vinapotafutwa mjini, ndipo fundi anapoulizwa yuko wapi. Ofisi ya maji ilipata habari barazani, au siku ya soko, au haikupata kabisa. Kitui inazidi kilomita za mraba 30,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Haiwezekani afisa mmoja na gari moja wazunguke humo wakikagua pampu moja baada ya nyingine.

Mambo yalianza kugeuka minara ya simu ilipofika vijijini. M-PESA ilizinduliwa Machi 2007, na baada ya miaka michache hata muuza mbuzi wa Kyuso alikuwa na laini ya simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwemo Rob Hope na Patrick Thomson, wakajiuliza: mtandao ukishafika kisimani, kwa nini pampu isijisemee yenyewe? Walijaribu kifaa chao Lusaka, Zambia, mwaka 2011, kisha wakakileta Kyuso.

Kifaa hicho hufichwa ndani ya mpini wa pampu, mahali ambapo mchotaji hakioni. Kina kihisio cha mwendo cha aina ileile inayogeuza picha unapolaza simu yako. Mpini ukipanda na kushuka, kinahesabu. Kutokana na hesabu hiyo hukadiriwa kiasi cha maji yaliyochotwa kila saa, na takwimu hutumwa kwa arafa kupitia mtandao wa kawaida wa simu hadi kwenye kompyuta ya ofisi. Pampu 66 za Kyuso zilifungwa vifaa hivyo. Mtu aliyeketi mbele ya skrini akaweza kuona ni kisima kipi kinachotumika na kipi kimenyamaza.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia kwenye kifaa, na hapo ndipo wanapokosea. Ofisini kulikuwa na mafundi wanaolipwa, pikipiki yenye mafuta, na vipuri vilivyokwisha nunuliwa. Arafa ilipoingia, kazi ya mtu fulani ilianza saa hiyo. Kumbukumbu nazo zikaanza kurundikana: pampu ipi inaharibika mara kwa mara, na kila ziara imegharimu kiasi gani. Huo ndio mfumo wa taarifa za usimamizi, hata kama jina lake linatisha. Ukiondoa pikipiki na mshahara wa fundi, unabaki na kompyuta inayojua kwamba watu hawana maji.

Kulikuwa na fumbo jingine. Pampu ikinyamaza, je, imeharibika? Takwimu zilionyesha kwamba wakati wa mvua uchotaji hupungua kwa takriban theluthi ukilinganisha na kiangazi. Mwenyeji wa Kyuso hangehitaji kompyuta kuambiwa hivyo: mvua ikinyesha watu hukinga maji ya paa, na vidimbwi hujaa karibu na nyumba. Lakini mtaalamu aliye mbali angeweza kumtuma fundi bure mara kumi. Kwa hiyo takwimu zilihitaji msomaji anayeijua misimu.

Katika mwaka wa jaribio matengenezo yalikuwa ya bure. Ndipo likaja swali gumu la nani alipe. Jibu lilikuwa kampuni ya matengenezo, FundiFix, iliyoanza kazi Kitui na Kwale: jamii hulipa ada ya mara kwa mara kabla pampu haijaharibika, mara nyingi kwa simu, na kampuni hubeba jukumu la kuitengeneza. Ada hizo peke yake hazitoshi, kwa hiyo ukaanzishwa mfuko wa kuziba pengo. Wapo wanaoliona hilo kama udhaifu. Mimi naona ni ukweli wa maji ya vijijini uliowekwa wazi katika vitabu vya hesabu.

Tatizo la mfumo usio na watu wa kuuitikia halikuishia kisimani. Wakati huohuo kaunti zilikuwa zinazaliwa. Kuanzia 2013 fedha zao zilipita kwenye IFMIS, mfumo wa kitaifa wa usimamizi wa fedha. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimetaja tena na tena mtandao wa mfumo huo unaokatika na kuchelewesha malipo. Mwaka 2015 kashfa ya shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ikaonyesha kitu kibaya zaidi, pale ilipodaiwa kwamba nywila za maofisa zilitumiwa na watu wengine. Mfumo uliandika kila kitu kwa uaminifu. Uliandika wizi pia.

Kaunti ya Makueni ilichukua njia tofauti. Baada ya mzozo wa 2014 kati ya Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wadi, mzozo uliohusu bajeti na uliofikia milio ya risasi mjini Wote, kaunti iliendelea kujenga vikao vya wananchi kuanzia vijijini, na kila mradi ukawa na kamati ya wenyeji ya kuusimamia. Mwaka 2019 ikafungua tovuti ya zabuni ambapo yeyote anaweza kufuatilia mradi tangu mpango, mshindi wa zabuni na mkataba, hadi ripoti ya kamati na malipo. Nguvu ya tovuti hiyo iko kwenye zile kamati. Mkazi wa Mbooni akisoma kwamba mwanakandarasi amelipwa, anaweza kutoka nje akaangalia kama ukuta upo.

Bajeti za kaunti zinapaswa kupitishwa kufikia 30 Juni, na vikao vya kukusanya maoni hutangulia. Ukihudhuria kimojawapo, iwe Kyuso au Kibwezi, na ukaonyeshwa mfumo mpya wa kompyuta, omba kuonyeshwa pia fungu la mshahara wa fundi na la mafuta ya pikipiki. Kama hayapo, simama useme, na maneno yako yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.