UZI: Kabla hujapigia makofi ahadi ya kamera chuoni, soma historia hii

1/ Kukitokea jambo baya chuo kikuu chochote Kenya, ahadi ni ile ile: tutaweka kamera, geti la kadi, mashine ya alama za vidole. Jukwaani inapendeza. Mimi nasomea sayansi ya siasa, kwetu ni Ngao, na humu sitaji mwanasiasa wala chama. Naleta historia tu, hukumu utatoa mwenyewe.

2/ Ukipanda na mto Tana kutoka kwetu, ukapita Hola, unafika Garissa. Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, washambuliaji wanne wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu cha pale. Walianza na walinzi wa geti, watu wasio na bunduki. Siku hiyo waliuawa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wengi waliuawa hosteli.

3/ Sasa jiulize: siku ile kilikosekana nini?

Onyo? Lilikuwepo. Wiki moja hivi kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatahadharisha wanafunzi wake kwamba vyuo vinaweza kushambuliwa.

Habari? Zilikuwepo. Waliojificha kabatini na chini ya vitanda walikuwa wanapiga simu na kutuma ujumbe.

4/ Kilichokosekana ni mtu wa kufika. Kikosi maalumu cha kupambana na magaidi kilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Kiliingia jengoni mwendo wa saa 11 jioni, na kikamaliza kazi kwa muda mfupi. Lakini tangu risasi ya kwanza zilikuwa zimepita zaidi ya saa 10. Kamera ingetuonyesha nini ambacho hatukuwa tunajua tayari?

5/ Na msidhani kamera hazikuwa zimefikiriwa. Baada ya Westgate 2013, watu 67 walipouawa, serikali ilitoa kandarasi mwaka 2014 kwa Safaricom: karibu shilingi bilioni 15, kamera 1,800. Za wapi? Nairobi na Mombasa. Huku kwetu na Garissa tulibaki na mlinzi na rungu lake. Kwa hivyo ukisikia "usalama wa kisasa", kwanza uliza ni wa nani.

6/ Sisi wa Delta hili tulishaliona. Mwaka 2012, mapigano yalipochacha kati ya wakulima na wafugaji, Kilelengwani polisi walikuwepo. Ilishambuliwa vilevile, na polisi wenyewe wakauawa pamoja na raia. Kuwepo kwa askari au kifaa ni jambo moja. Kuwa na msaada nyuma yake ni jambo lingine.

7/ Kuna upande mwingine ambao huwa hatuuzungumzi: hofu. Siku 10 baada ya Garissa, alfajiri ya tarehe 12 Aprili, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Makomredi walidhani ni shambulio, wakaruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alikufa, zaidi ya 100 wakaumia.

8/ Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi. Watu wengi hawakujua ni zoezi. Walikimbia, wengine wakaruka madirishani, na mfanyakazi mmoja wa chuo akafariki. Hakuna gaidi aliyekanyaga pale. King'ora bila maelezo nacho kinaua.

9/ Wenzetu Marekani walijifunza nini? Mwaka 2007, chuo cha Virginia Tech, mtu mmoja aliua watu 32. Baina ya mauaji ya kwanza hosteli na yale ya madarasani yalipita zaidi ya masaa mawili, na barua pepe ya kwanza ya tahadhari ilitumwa dakika chache tu kabla ya awamu ya pili. Mwaka 2008 sheria ikabadilishwa: chuo kikithibitisha hatari, lazima kiwaambie wanafunzi mara moja, na mfumo huo ujaribiwe kila mwaka. Sheria ile ilishika muda, haikushika chapa ya kamera.

10/ Sipingi teknolojia, tafadhali. Taa njiani kuelekea hosteli zinasaidia, na dada zetu wanaotoka maktaba usiku wanajua. Kamera inasaidia kumpata mwizi wa laptopu. Ila kamera hiyo hiyo inaweza kuhesabu nani alikuwa mstari wa mbele kwenye maandamano. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Una haki ya kuuliza alama zako za vidole zinakaa wapi na nani anaziona.

11/ Kwa hivyo mheshimiwa akija Garsen na ahadi hiyo, mwulize haya:
– Saa 11 alfajiri, nani ameketi mbele ya hizo skrini?
– Akiona hatari, anampigia nani, na huyo anafika baada ya dakika ngapi?
– Wanafunzi wanaambiwaje, na mlango wa dharura unafunguka?
– Zikiharibika mwaka wa pili, bajeti ya ukarabati iko wapi?

Akijibu manne, mpigie makofi. Akijibu bei ya kamera peke yake, hapo ni tenda tu inazungumzwa.

12/ Waliouawa Garissa walikuwa wa umri wangu wa sasa. Wewe uko chuo gani, na mlango wa dharura wa hosteli yako unafunguka? Nenda uujaribu leo, kisha uje utuambie.