Habari za Edward Steere, Mwandishi wa Mambo Mengi

Mtu apitaye sokoni Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, husikia Mzaramo, Myao, Msambaa na Mnyamwezi wakipatana bei kwa Kiswahili. Lugha hii ni mali ya watu wa pwani tangu kale. Walakini yafaa tujue habari za Mwingereza mmoja aliyeitia katika vitabu vingi, na lugha za hao wengine pia.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Kwanza alijifunza sheria, kisha akawa kasisi, akaandika kwa Kiingereza juu ya elimu ya Mungu. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Huko mwalimu akawa mwanafunzi: akakaa na wenyeji, akasikiliza, akaandika aliyoambiwa. Mwaka 1867 alitoa kitabu kidogo cha Kisambaa; mwaka 1869 maneno ya Kizaramo, Kingindo na Kingazija; mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kingine cha hadithi alizosimuliwa Unguja. Vikafuata Kinyamwezi na Kiyao. Tena alijua kazi ya kupiga chapa.

Mwaka 1874 alifanywa askofu, akajenga kanisa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa humo kanisani. Tafsiri ya Biblia aliyoianza iliendelezwa na wenziwe, hata Biblia nzima ikatoka mwaka 1891.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule. Wako watu wa Mombasa na Lamu waliosikitika, nao walikuwa na haki, maana tenzi zao ni za zamani sana. Kiunguja hakikuwa bora kuliko Kimvita. Ila kilikuwa kimeenea bara, tena vitabu vyake vilikuwa tayari mikononi mwa walimu. Kilichoandikwa hufika mbali.

Basi tumsifu Steere kwa bidii yake, wala tusiwasahau waliomsimulia. Juu ya jalada limo jina lake. Ndani yake zimo sauti zao. Na sisi tunao wazee wenye hadithi nyumbani. Tusingoje mgeni aje kuziandika, kalamu tunazo.